Maji ya harufu ya tunda: Wamarekani wananunua tulichokiacha mtungini

Ukimwendea mzee wa Mji wa Kale jioni, yuko barazani na kikombe chake cha kahawa, ukamwambia kwamba Marekani kuna kampuni inayouza maji yasiyotiwa sukari wala rangi, maji matupu yaliyopitiwa na harufu ya tunda tu, basi atakutazama kwanza, kisha atakuuliza kama ulilala vyema. Soda aijua, na sharubati aijua. Maji ayajua pia, na siku hizi ayajua zaidi kwa kuyakosa. Lakini maji yenye fununu ya tunda, tena watu wayalipie zaidi ya dola moja kwa chupa, hayo atayaona ni mambo ya watu wenye fedha za kuchezea.

Mimi nami nilicheka niliposoma habari zao mara ya kwanza. Baadaye nilipokaa nikazitafakari, niliona ndani yake jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani kuliko linavyowahusu wao, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kampuni yenyewe yaitwa Hint, neno la Kiingereza lenye maana ya dokezo, kitu kinachogusiwa tu bila kutajwa wazi. Ilianzishwa mjini San Francisco mwaka 2005 na mama mmoja aitwaye Kara Goldin, akisaidiwa na mumewe Theo aliyekuwa mwanasheria. Bi Goldin hakuwa mtu wa vinywaji hata kidogo. Alikuwa na cheo katika kampuni ya AOL, na kazi yake huko ilikuwa mambo ya ununuzi kwa njia ya intaneti. Kwa masimulizi yake mwenyewe, ambayo ameyaandika katika kitabu chake Undaunted kilichotoka mwaka 2020, alikuwa mnywaji mkubwa wa Diet Coke, ile soda isiyokuwa na sukari lakini iliyotiwa utamu wa kutengenezwa. Alikuwa anakunywa kopo baada ya kopo, siku nenda siku rudi. Uzito ukamzidi, chunusi zikamtoka usoni, na mwili ukawa mzito mchana kutwa. Siku moja akaiacha soda akashika maji. Maji matupu yalipomchosha, akaanza kukata vipande vya matunda na kuvitia ndani ya jagi. Haukupita muda mrefu hali yake ikabadilika.

Akaenda dukani kutafuta maji ya namna hiyo yaliyokwisha kutengenezwa, asiyapate. Kila chupa iliyoandikwa maji ya tunda ilikuwa na sukari ndani yake, na isiyokuwa na sukari ilikuwa na kitu cha kuigiza sukari. Akaona basi ayatengeneze mwenyewe, hali yuko mjamzito wa mtoto wake wa nne. Duka la kwanza kumpokea lilikuwa la Whole Foods pale pale San Francisco.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonikalisha kitako. Huyu mama alipokwama katika kazi yake alipata nafasi ya kuzungumza na mkubwa mmoja wa Coca-Cola, akitumaini kupata msaada wa watu wanaoijua kazi. Yule bwana, kama anavyosimulia Bi Goldin, alimwita kwa neno la kubembeleza, kama mtu asemavyo na mtoto, kisha akamweleza kwamba Wamarekani wanapenda utamu. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha hapo.

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Bwana yule hakusema kwamba Wamarekani wamezoezwa utamu. Alisema wanapenda, kana kwamba wamezaliwa nao. Na mwenye kiwanda akishaamini kwamba ulimi wa mnunuzi uliumbwa vile, haoni tena mkono wake yeye mwenyewe katika kuuzoeza. Miaka ikapita. Mwaka 2018 PepsiCo ikatoa maji yake ya gesi yenye ladha bila ya utamu, yaitwayo Bubly, na mwaka 2020 Coca-Cola wenyewe wakatoa yao wakayaita AHA. Wakati huo watu wa Marekani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao, kwani mwaka 2016 maji ya chupa yaliipita soda kwa wingi wa lita zilizouzwa nchini humo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Ulimi ulioambiwa haubadiliki ukabadilika katika muda usiotosha mtoto kumaliza shule ya msingi na ya upili.

Hesabu ya sukari ni nyepesi, na afadhali tuifanye. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015, kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ikipunguzwa mpaka nusu ya hapo ni bora zaidi. Hiyo nusu kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Kopo moja la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35. Mtu akinywa kopo hilo moja amekwisha kupita kipimo kabla hajagusa chai, wala mahamri, wala kaimati.

Tena kuna ujanja wa majina. Marekani kilikuwako, na kipo, kinywaji kiitwacho Vitaminwater, jina ambalo kila alisikiaye hudhani ni maji yenye vitamini na basi. Coca-Cola iliinunua kampuni iliyokuwa ikikitengeneza mwaka 2007 kwa dola zaidi ya bilioni nne. Chupa moja ya kinywaji hicho ilikuwa na sukari ya gramu zaidi ya 30. Mwaka 2009 watetezi wa wanunuzi waliwapeleka mahakamani kwa sababu ya jina hilo na sifa zilizokuwa zikitolewa juu yake. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba kila chupa yenye neno maji ubavuni ni maji.

Na wale wanaokimbilia soda za utamu wa kutengenezwa wakidhani wamejisalimisha, wajue kwamba mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitumie vitu hivyo kwa nia ya kupunguza uzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, tawi lake linaloshughulikia utafiti wa saratani liliiweka aspartame, ambayo ndiyo utamu wa Diet Coke, katika orodha ya vitu vinavyoweza kuwa na uhusiano na saratani, ingawa kamati nyingine ya wataalamu haikubadilisha kipimo kinachoruhusiwa kwa siku. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwamba kampuni ya Hint ilichagua njia ya tatu: isiwe sukari wala kibadala chake, na ulimi uachiwe uzoee.

Hapa ndipo ninaporudi kwetu. Je, sisi watu wa Pwani ulimi wetu ni wa utamu tu, kama yule bwana alivyowasema Wamarekani?

Chukueni kahawa tungu. Muuza kahawa na dele lake la shaba, vikombe vikigongana mkononi, tangawizi ndani au iliki, na hakuna chembe ya sukari. Wazee wanaipiga funda, na anayetaka utamu ana kipande cha halwa au tende pembeni. Utamu umewekwa mahali pake na kinywaji kimewekwa mahali pake. Kwangu mimi hiyo ni elimu kubwa ya ulimi, na hakuna aliyetufundisha kutoka San Francisco. Kinywaji chenye ladha bila sukari tumekinywa hadharani, barabarani, vizazi na vizazi.

Chukueni tena lugha. Mtu wa Pwani anaposema maji matamu hana maana ya maji yaliyotiwa sukari. Ana maana ya maji yasiyo na chumvi. Kisima hiki maji yake ni ya chumvi, kile maji yake ni matamu, na mtu atatembea mwendo mrefu kukifuata hicho cha pili. Utamu wa maji katika Kiswahili chetu ni usafi wake na wepesi wake kooni. Ni ajabu kwamba mtoto wa leo ukimwambia maji matamu atafikiri umemwandalia sharubati ya unga.

Lakini kubwa kuliko yote ni mtungi. Wengi wa rika langu tuliukuta. Mtungi ulioshwa ukakauka, kisha ukafudikizwa juu ya chetezo chenye ubani, moshi ukaingia ndani ukashikwa na udongo. Ndipo maji yalipotiwa. Ukichota kwa kata ukanywa, unakunywa maji baridi yenye harufu ya ubani nyuma yake, harufu inayopita mwishoni wakati umekwisha kumeza. Ubaridi wenyewe haukuwa wa umeme. Udongo una vinyweleo, maji hutoka jasho kidogo kidogo kwa nje, hewa inalikausha, na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Nyumba nyingine zikitia maua ya asumini, na siku za shughuli yakanyunyizwa marashi ya mawardi. Basi hicho wanachokiita dokezo huko Marekani tulikuwa nacho ndani ya nyumba, kikitengenezwa na mama zetu bila ya mhasibu wala wakili.

Kwa nini kiliondoka? Watu husema ni usasa, wakanyamaza. Mimi naona kuna sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni maji yenyewe.

Harufu ya ubani au ya tunda ina tabia moja: haifichi kitu. Ukiitia katika maji mabaya utapata maji mabaya yenye harufu ya ubani. Sukari ndiyo inayoficha. Sasa tazameni maji ya Mombasa. Bomba la Mzima, linaloleta maji kutoka chemchemi zilizo zaidi ya kilomita 200, lilikamilika miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa mdogo kuliko huu mara nyingi. Yaliongezwa ya Baricho kutoka Mto Sabaki, na yako ya Marere na ya visima vya Tiwi, na bado mitaa mingi bomba likitoa maji leo hukaa siku kadhaa bila kutoa tena. Watu wanayanunua kwa wasukumaji wa mikokoteni, ndani ya mitungi ya plastiki ya lita 20, na mtungi huo haukumbuki ubani. Unakumbuka mafuta ya kupikia yaliyokuwamo kabla, na jua lililoupiga njiani. Wengine wana visima uani, lakini maji yake ni ya chumvi. Maji kama hayo mtoto hayanywi mpaka yatiwe kitu, na kitu kilicho rahisi kuliko vyote ni unga wa sharubati na sukari. Ndiyo maana sipendi kusikia wakubwa wakiwalaumu mama wa nyumbani kwamba wanawazoeza watoto sukari. Mama amepewa maji yasiyonyweka, akafanya yanyweke kwa alichokuwa nacho.

Kando ya hilo kuna matangazo. Coca-Cola imekuwa Kenya tangu mwaka 1948, na kuta za maduka zilizopakwa rangi yake nyekundu zimefika vijiji ambavyo bomba la maji halijafika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sijui mtembezi aliyetembea mwendo mrefu kama soda. Imefika mpaka mahali mgeni akija nyumbani ukamwekea maji, unaona haya, kana kwamba umemdharau. Soda imekuwa ndiyo heshima. Arusini kreti zikipungua, maneno yatakwenda mtaani wiki nzima.

Nisieleweke kwamba naipiga vita sukari. Pwani yetu ina watu waliolelewa na miwa. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, familia nyingi za Kwale zilionja uchungu wa kukosa sukari kwa maana nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba sukari ilikuwa na pahali pake, katika halwa na kaimati na siku ya sikukuu, na sasa imehamia katika kiu. Hapo ndipo penye hatari. Halwa hukinai, huwezi kula kila saa. Kiu yaja kila saa.

Mwezi wa Ramadhani waonyesha jambo hili wazi. Sunna ya kufuturu twaijua sote, ni tende, na kama hapana tende basi ni maji. Tende kwa maji ni kama ile kahawa na halwa: utamu kipande kimoja na kinywaji kitupu. Lakini meza zetu nyingi siku hizi, baada ya ile tende moja ya sunna, yafuata jagi la sharubati ya unga, kisha chai ya maziwa iliyokolea, na soda mwisho. Mwili ulioshinda na njaa unapokea kwa nusu saa sukari ya siku kadhaa. Wagonjwa wa kisukari tunao karibu kila ukoo, na wengi wao hufunga kwa mapenzi makubwa. Kinachowaumiza mara nyingi ni meza ya magharibi. Bi Goldin naye anasimulia kwamba miongoni mwa wanunuzi walioandika kumshukuru walikuwemo watu wenye kisukari, ambao walikuwa wamechoshwa na maji matupu na wamekatazwa mengine yote. Ni haja ile ile. Mgonjwa wa Kibokoni na mgonjwa wa California wote wanataka kitu cha kuweka mdomoni kisichowaua.

Sasa nije kwenye suala ambalo najua msomaji Mwislamu analingoja: hiyo ladha inatoka wapi, na je, ni halali?

Kwanza tukumbuke kwamba maji yaliyolowekewa tunda si bidaa kwetu. Wanazuoni wametuhifadhia habari za nabidh, tende au zabibu zilizolowekwa katika maji ya kunywa ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Zililowekwa asubuhi zikanywewa jioni, au zililowekwa usiku zikanywewa asubuhi, na hadithi nyingine zinataja mpaka siku ya tatu, kisha yaliyobaki hayakunywewa tena. Kwa nini siku ya tatu? Kwa sababu tunda ndani ya maji halikai kimya. Linaanza kuchacha, na mwisho wa kuchacha ni ulevi. Mipaka ya wakati ilikuwa ni mipaka baina ya kinywaji na pombe.

Ni tatizo hilo hilo lililomkamata Bi Goldin miaka elfu na mia nne baadaye. Tunda lililokatwa ndani ya jagi ni zuri siku ya kwanza, na katika joto letu la Januari siku ya pili lina mapovu. Viwanda vingi vinakimbilia dawa za kuhifadhi. Yeye alikataa dawa hizo, na hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu na maji yake yakawa hayakai sana dukani mwanzoni. Njia waliyoifuata si ya kutia vipande vya tunda. Wanatia kiini cha harufu kilichotolewa katika mimea, kile ambacho wapishi wetu wanakiita arki.

Na neno arki lina habari yake. Asili yake ni Kiarabu, neno la jasho, kwa sababu mvuke unapopoa hutona matone kama jasho. Kutoka shina hilo hilo tukapata arki ya mawardi, inayonukia katika mapishi ya arusi, na wengine wakapata araki, inayolevya. Chombo cha kutonesha ni kimoja, makusudio mawili. Arki nyingi za viwandani huyeyushwa kwa alkoholi, kwa kuwa harufu za mimea haziyeyuki vizuri katika maji. Sheria ya Marekani inataka arki ya vanila ya dukani iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Kisha sheria hiyo hiyo inaruhusu chupa iandikwe ladha asilia, bila kutaja kimoja kimoja vilivyomo ndani ya ladha hiyo. Kampuni nyingine ya maji ya gesi, LaCroix, ilishtakiwa mwaka 2018 kwa madai kwamba ladha zake hazikuwa asilia. Mwaka 2020 walioshtaki waliyaondoa madai yao, lakini kesi ilionyesha jinsi mnunuzi alivyo gizani mbele ya neno moja.

Wanazuoni hawakulinyamazia jambo hili. Baraza la Ulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2018 kwamba kinywaji kisichokuwa khamr, chenye alkoholi isiyofika nusu ya asilimia moja, chaweza kuwa halali maadamu hakidhuru na alkoholi yake haikutoka katika utengenezaji wa pombe. Wako wengine walio wakali zaidi, na mimi si mufti. Nataka tu msomaji ajue kwamba neno asilia si neno halali, wala halina nia ya kuwa hivyo. Tunazo idara za kutoa vyeti vya halali hapa Kenya. Kazi yao wengi wanaiona ni ya nyama na vichinjio, hali vinywaji vyenye arki vinapita dukani bila mtu kuuliza arki hiyo iliyeyushwa na nini.

Limebaki la serikali, na hili ndilo lililonikera kuliko mengine. Nchi nyingi zimetambua kwamba maji na soda si kitu kimoja, na zikaweka tofauti hiyo katika kodi. Mexico ilianza Januari 2014, peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Mji wa Berkeley, jirani na hapo San Francisco, ulipiga kura mwaka 2014, na San Francisco yenyewe mwaka 2016, juu ya upinzani mkubwa wa makampuni ya soda. Afrika Kusini na Uingereza zote zilianza Aprili 2018. Uingereza ilipanga kwa madaraja: kinywaji chenye sukari nyingi kilipe zaidi, chenye kidogo kisilipe kitu, na viwanda vingi vikapunguza sukari kabla hata kodi haijaanza. Ndugu zetu wa Ghuba hawakuachwa nyuma. Saudia iliweka asilimia 50 juu ya soda mwaka 2017 na Oman ikafuata mwaka 2019, kisha zote mbili zikavitia hata vinywaji vitamu visivyo na gesi.

Sisi je? Sheria yetu ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilipoandikwa, maji ya chupa na vinywaji vingine visivyo na kileo viliwekwa katika mstari mmoja, shilingi 5 kwa lita. Maji shilingi 5, soda shilingi 5. Maji ya matunda yakawekwa shilingi 10, na sheria ikaeleza kabisa kwamba ni mamoja yawe yametiwa sukari au hayakutiwa. Tarakimu zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini tazameni fikira iliyoandika mstari ule. Ilihesabu lita, haikuhesabu sukari. Kwa jicho la fikira hiyo, kijana wa Malindi atakayetia maji ya ndimu na mchaichai katika chupa bila punje ya sukari ni sawasawa na kiwanda cha soda, na akikamua embe tupu atalipa mara mbili ya soda.

Kijana huyo si wa kubuniwa tu kichwani mwangu. Wako vijana na akina mama wanaotengeneza maji ya ukwaju, ya tangawizi, ya ubuyu, wakiyauza katika chupa zilizokwisha kutumika kwa sababu mpya na muhuri wa ubora vina gharama. Wengi hutia sukari nyingi, na ukiwauliza watakujibu kama alivyojibu yule bwana wa Coca-Cola: watu wanapenda tamu. Nilimwambia mmoja wao, dada mmoja pale Majengo, ajaribu kupunguza kidogo kidogo, kila wiki kijiko kimoja, asimwambie mtu. Akanijibu, "Kaka, sukari nitapunguza. Lakini maji yangu ya mkokoteni yakionjwa matupu, nitamuuzia nani?"

Mchezo mzima umo katika jibu hilo. Huko California maji mazuri yalikuwako bombani, kazi ikawa ni kuuzoeza ulimi tu. Hapa kazi ni mbili, na ya kwanza si ya yule dada.

Kila mwaka kabla ya Juni muswada wa fedha hufika Bungeni, na kamati ya fedha hutangaza siku za kupokea maoni ya wananchi, kwa barua au kwa kufika. Wenye viwanda vya soda hufika, tena na mawakili. Ombi la kutenganisha maji na soda katika mstari ule laweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, na misikiti yetu ina watu wa kutosha wanaojua kuandika. Kaunti nazo huandaa makadirio yao ya fedha kila mwaka, na hapo pia sheria yataka wananchi waulizwe. Swali la hapo ni moja tu: mitaani maji yatatoka bombani siku ngapi kwa wiki?